Semi-oto ya bei nafuu ya kukaa kwenye pikapu: nichukue ipi?

"Habari mwalimu. Niko Texas, nje kidogo ya Fort Worth, nina grinikadi mwaka wa tatu sasa. Nimenunua kishamba cha ekari 6, nafuga mbuzi, na nguruwe pori wananimaliza, juzi koyoti nao wamebeba vitoto viwili vya mbuzi. Nataka bunduki ya semi-oto ya bei nafuu, bajeti yangu kama dola 700, na nataka ikae kwenye pikapu muda wote manake nguruwe hawatoi taarifa. Jamaa mmoja ananiambia chukua AK haiharibiki, mwingine anasema AR, mwingine eti .22, ile ya risasi ndogo, inatosha. Siku zingine naendesha treila la kampuni kwenda majimbo ya mashariki, nikawaza niwe naihamishia huko kwa usalama pale tunapolala usiku. Mpwa wangu anasoma chuo hapa na wikiendi huwa anaazima pikapu. Nishauri nichukue ipi."

Kaka, asante kwa kuandika kwa kirefu hivi, ungeuliza tu "ipi bora" ningekujibu kwa sentensi moja na ningekuponza. Nikikusoma vizuri una shida mbili tofauti umezifunga kwenye bunduki moja, shida ya kwanza ni mbuzi wako na hiyo inatatulika, ya pili ni hofu ya usiku barabarani ambayo naielewa sana ila bunduki ndefu haiitatui. Na kuna jambo la tatu hujaliuliza kabisa lakini ndo limenifanya niache kazi zangu nikujibu leo, nalo ni huyo mpwa.

Tuanze na wewe mwenyewe. Mwenye grinikadi anaruhusiwa kununua bunduki Marekani, usimsikilize anayekwambia mpaka uwe raia. Unaenda dukani, unajaza fomu ya serikali ya shirikisho inaitwa 4473, unaandika namba yako ya uhamiaji, wanakupigia msasa kwenye mfumo wa FBI, ukipita unaondoka nayo, na bunduki ndefu dukani inauzwa kuanzia miaka 18. Ile fomu ijibu kwa ukweli mtupu. Kuna swali la bangi pale, na hata kama umetoka jimbo ambalo bangi inauzwa dukani kama soda, fomu yenyewe inakuonya kwamba kwa sheria ya shirikisho bado ni haramu. Kuna swali la kesi za ugomvi wa nyumbani, hata zile ndogo ambazo hukufungwa, hukumu ya namna hiyo inakufungia mlango. Kudanganya kwenye hiyo fomu ni kosa la jinai la shirikisho.

Sasa mpwa. Kama yuko na viza ya mwanafunzi, sheria ya shirikisho inamkataza kushika au kumiliki bunduki au hata risasi, isipokuwa awe na leseni halali ya kuwinda au mojawapo ya ruhusa chache zilizoandikwa. Na "kumiliki" hapa haimaanishi jina lake liko kwenye risiti, inatosha kitu kiwe mikononi mwake, chini ya uwezo wake, na anajua kipo. Kijana anaendesha pikapu yako Jumamosi, bunduki iko nyuma ya siti, anasimamishwa kwa taa mbovu, tayari ana kesi ya shirikisho na masomo yameishia hapo. Na wewe uliyempa gari ukijua hali yake hutoki salama. Watu wetu wengi wanafikiri makosa ya bunduki ni mpaka upige mtu, kumbe sheria ya uhamiaji ina kifungu chake peke yake: ukitiwa hatiani kwa kununua, kuuza, kushika au kubeba bunduki kinyume na sheria, hata kosa dogo la jimbo ambalo Mmarekani angelipa faini akaenda zake, mwenye grinikadi anaweza kufukuzwa nchini. Kwa hiyo hata kabla hatujafika kwenye modeli, wazo la "ikae kwenye pikapu muda wote" limeshapata jibu nusu. Na usije ukamnunulia yeye kwa jina lako eti ni zawadi, kumnunulia mtu aliyekatazwa ni kosa linalofika miaka 15 jela tangu sheria ya 2022.

Haya, bunduki yenyewe. Semi-oto maana yake ni kwamba ukivuta triga mara moja inatoka risasi moja, alafu nguvu ya ule mlipuko inarudisha nyuma bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, inatupa ganda, inaingiza risasi nyingine chemba, yaani pale mwanzoni mwa mtutu inapokaa kabla ya kutoka, inasubiri. Haimiminiki ukishikilia triga. Watu wanaiona nyeusi ina umbo la jeshi wanadhani ni mashinigani, sio. Faida yake kwako ni kwamba nguruwe huja kundi, ukimpiga mmoja wengine wanatimka, una sekunde chache za kulenga tena bila kukokota bolti kwa mkono. Kwa koyoti mmoja mmoja wala huhitaji semi-oto, lakini kwa nguruwe inasaidia kweli.

Kwa nini AR, yaani bunduki za muundo wa AR-15, ni rahisi leo? Eugene Stoner na wenzake pale ArmaLite waliitengeneza miaka ya 1950 mwishoni, Colt wakanunua haki, na hataza ya Stoner ilipoisha 1977 mlango ukafunguka, leo viwanda chungu nzima vinatengeneza sehemu zinazoingiliana, ushindani umeshusha bei mpaka AR ya kawaida ya kampuni inayojulikana unaipata kati ya dola 450 na 700. Ruger AR-556, Smith & Wesson M&P 15 Sport, hizo za Palmetto State Armory, zote zinafanya kazi ya shamba bila shida, na springi ikivunjika fundi yeyote anayo kabatini. Usibishane na watu mitandaoni kuhusu hii na ile, tofauti ya maana kwenye bei hiyo ni ndogo. Angalia vitu viwili tu. Mtutu uwe umetiwa kromu ndani au umefanyiwa ile tiba ya nitraidi inayozuia kutu, alafu uwe umeandikwa 5.56, huo ni ukubwa wa risasi, kwa sababu chemba ya 5.56 inapokea na risasi za .223 pia, ila chemba ya .223 tupu usiitilie 5.56, presha inazidi.

Jamaa wa AK hakosei kwamba ni ngumu, mfumo wa Kalashnikov una nafasi ya kutosha ndani, uchafu hauukwamishi haraka. Ila habari yake ya bei ni ya zamani. Za China zilifungiwa kuingia 1994, za kiwanda cha Kalashnikov cha Urusi zilikatwa na vikwazo vya 2014, na mwaka 2021 Marekani ikaanza kuzuia vibali vipya vya risasi kutoka Urusi ambazo ndo zilikuwa zinaifanya iwe ya mtu wa kawaida. Leo AK nzuri inapita bajeti yako, na zile za bei ya chini zilizotengenezwa hapahapa baadhi zina sehemu za kuyeyushwa na kumiminwa pale bolti inapofungia, mahali panapotakiwa chuma cha kufuliwa, zikilika nafasi ya risasi inapanuka na hapo unashika kitu cha hatari karibu na uso. Kwa dola 700 mi nakwambia achana nayo.

.22, hasa Ruger 10/22 ambayo ipo sokoni tangu 1964, ni bunduki naipenda kwa moyo wote na ni dola 300 na kitu, risasi zake rahisi sana, na kama hujawahi kupiga ningefurahi uanzie hapo. Lakini nguruwe dume ana ngozi nene na mifupa mizito begani, ukimpiga na .22 unamjeruhi anaenda kufa kwa siku kadhaa kwenye vichaka vya jirani. Huo ni ukatili, sikushauri. Kabaini za 9mm, yaani bunduki fupi zinazotumia risasi za bastola, kama Ruger PC Carbine, Kel-Tec SUB-2000 inayokunjika katikati, au Hi-Point ambayo ndo ya bei ya chini kuliko zote, zinavutia watu wa magari kwa sababu ni fupi, na SUB-2000 ikikunjwa inaingia kwenye begi la laptopu. Kwa koyoti wa karibu zinaweza. Kwa nguruwe zinachoka haraka umbali ukiongezeka. Na zina jambo la kiufundi wauzaji hawalisemi sana: bolti yake haifungwi kwa meno kama ya AR, inashikiliwa na uzito na springi tu, kwa hiyo ikiwa na magazini (kile kisanduku cha risasi) iliyojazwa ikaanguka kitako chini kwa nguvu, bolti inaweza kurudi nyuma na ikijirudisha inapandisha risasi chemba bila mtu kuigusa. Kwenye gari linaloruka mashimo ya njia ya shamba fikiria mwenyewe.

Utakuta pia wanakuuzia zile fupi sana, "hii ndo ya gari bana". Bunduki yenye kitako cha begani na mtutu chini ya inchi 16 bila kuisajili serikali ya shirikisho ni jinai, na hata ukiisajili kuivusha jimbo kwenda jimbo kunahitaji ruhusa kabla. Chukua inchi 16 ya kawaida ulale usingizi.

Kwa hiyo jibu la "ipi" ni AR ya 5.56, inchi 16, ya kampuni kubwa, yenye saiti za chuma (vilengeo visivyo na betri wala lenzi), magazini mbili tatu za ukweli, na risasi za ncha laini za kuwindia, sio zile za shabaha zenye ncha iliyofunikwa shaba, zinazotoboa na kupita. Weka na vizuia sauti vya masikio kwenye bajeti, AR inatoa sauti ya desibeli 160 hivi na sikio linaanza kuharibika papo hapo kwenye 140, ndani ya kabini ni balaa zaidi, hilo sikio halirudi.

Sasa tuje kwenye kukaa garini, hapa ndo penye kazi. Pikapu iliyopaki juani Texas mwezi wa nane ndani inapita nyuzi joto 60 bila taabu. Mafuta ya bunduki yanakauka na kutiririka, yanaacha chuma kikavu, alafu usiku unyevu unatua juu yake, asubuhi unawasha AC, mchana unazima, kila mabadiliko ni jasho jipya kwenye chuma na kutu inaanzia pale usipopaona, kwenye meno ya bolti na ndani ya springi. Risasi za kisasa hazilipuki zenyewe kwa joto la gari, hilo niliseme maana watu wanaogopa bure, ila joto la miezi na miezi linazeesha baruti na kiberiti chake, ukija kuvuta triga risasi haitoki, au inatoka dhaifu na kuganda mtutuni, na hiyo ya kuganda ndo mbaya. Mtikisiko nao unalegeza skrubu za darubini, kile kilengeo cha nukta nyekundu cha bei rahisi betri yake inakufa kwa joto, kesho unalenga nguruwe unapiga udongo. Ndo maana nikasema saiti za chuma. Kuhusu springi za magazini, eti zikikaa na risasi zinachoka, kwa magazini nzuri hilo sio tatizo kubwa, springi huchoshwa zaidi na kujazwa na kumwagwa mara nyingi kuliko kukaa imebanwa.

Ila joto na kutu ni vidogo. Kikubwa ni wizi. Sehemu kubwa sana ya bunduki zinazoibwa Marekani zinatoka kwenye magari, mwizi anavunja kioo mbele ya nyumba au kwenye paking ya ibada au supamaketi, na stika zile za kampuni za bunduki kwenye kioo zinamwelekeza avunje gari gani. Bunduki yako ikitoka hapo haiendi kuwinda nguruwe, inaenda kwa mtu aliyekatazwa kununua dukani. Mi nafundisha watu kulenga na nasema wazi kwamba bunduki isiyo na mtu karibu haitakiwi kulala garini, hata siku moja. Ishi nyumbani kwenye sefu, ipande pikapu unapoenda shamba, irudi nawe. Najua nguruwe hawatoi taarifa, ila wana tabia, wanakuja jioni na alfajiri, weka kamera ya njia ya dola 40 utawajua ratiba yao ndani ya wiki mbili.

Na safari hizo fupi iwe kwenye boksi la chuma la kufuli lililofungwa kwa bolti kwenye fremu chini ya siti ya nyuma, sio begi la kitambaa, sio kile kirafu cha dirishani watu wanaweka kama pambo. Boksi hilo litakula dola 200 au zaidi na najua linaumiza bajeti, kama hela haitoshi subiri mwezi mmoja, usinunue bunduki kwanza boksi baadae. Ndani iwe tupu, chemba tupu, magazini nje. Kama una watoto ujue Texas ina sheria inayokataza kuacha bunduki yenye risasi mahali mtoto chini ya miaka 17 anaweza kuifikia. Na unapowachukua shule, mita kama 300 kuzunguka shule ni eneo la sheria ya shirikisho, usalama wako ni iwe tupu na kwenye chombo cha kufuli.

Ekari 6 zako pia nazifikiria. Texas tangu 2019 huhitaji leseni ya kuwinda kumpiga nguruwe pori kwenye ardhi binafsi kwa ruhusa ya mwenye ardhi, hapo uko vizuri. Lakini kaunti ina uwezo wa kukataza kufyatua kwenye viwanja vya ekari 10 kushuka chini vilivyo ndani ya mitaa iliyopimwa, kwa hiyo piga simu ofisi ya sherifu wa kaunti yako uulize kwa jina la barabara yako kabla ya kununua chochote. Risasi ya 5.56 ikikosa na kwenda juu inaweza kusafiri kilomita kadhaa, ekari 6 ni kama mita 150 kwa 150, umeona? Kila risasi lazima iishie kwenye udongo wako. Piga ukiwa juu ukielekeza chini, jenga kilima cha udongo nyuma ya pale unapomwaga mahindi ya chambo, na usipige kutoka au kuvuka barabara ya umma. Ukiona huna pa kuishilizia risasi, nakwambia kwa nia njema mtego wa zizi utakusaidia kuliko bunduki yoyote, unakamata kundi zima usiku mmoja, na ukiongeza uzio wa umeme na mbwa wa kulinda mifugo koyoti atahamia kwingine.

Treila, kaka, hapana. Kwanza gari ni la kampuni na kampuni nyingi za malori zinakataza kwa maandishi, sheria ya Texas inayomruhusu mfanyakazi kuacha bunduki kwenye gari lake pale kazini haigusi gari la mwajiri. Pili, majimbo ya mashariki ni dunia nyingine. AR ya kawaida ya Texas ni marufuku au imebanwa sana New Jersey, New York, Connecticut, Massachusetts, Maryland, na Illinois tangu 2023. Kuna sheria ya shirikisho ya 1986 inayokulinda ukipita tu, ila masharti yake ni bunduki iwe halali unakotoka na unakokwenda, tupu, na isifikike kutoka ulipokaa, na gari lisilo na buti lazima iwe kwenye chombo cha kufuli ambacho sio dashibodi. Kama mzigo unashushwa New Jersey basi unakokwenda sio halali, ngao hiyo huna. Na ukipangiwa Laredo kuvuka kwenda Mexico au Detroit kwenda Canada, hata risasi moja iliyosahaulika chini ya mkeka inaweza kukuingiza kwenye kesi. Hiyo hiyo kwa begi lako la safari, watu wametumia begi moja kwa renji (uwanja wa shabaha) na kwa kwenda nyumbani, risasi ikaonekana kwenye mashine ya Nairobi au Dar. Na usije ukatia magazini au darubini kwenye pipa la mizigo ya nyumbani.

Kuhusu hofu ya usiku, ukweli ni kwamba bunduki ya karibu mita moja ndani ya kabini, tupu, kwenye boksi, haitakusaidia mtu akigonga dirisha. Paki penye taa na watu, funga mkanda wa siti kwenye vishikizo vya milango, washa injini ukiona hali mbaya na uondoke, piga 911.

Jambo la mwisho linaniuma kuliandika ila lazima. Wewe ni mweusi na una lafudhi. Mwaka 2016 kule Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile alisimamishwa garini, alikuwa na kibali halali cha bastola, akamwambia polisi kwa adabu kwamba ana silaha, akapigwa risasi akafa, na askari akaachiwa na mahakama mwaka uliofuata. Ukisimamishwa ukiwa nayo: taa ya ndani iwake, mikono juu ya usukani, dereva asifikie kitu. Akikuuliza, anza na iko wapi na hali yake, "iko kwenye boksi limefungwa chini ya siti ya nyuma, haina risasi, mikono yangu iko hapa, nifanye nini?" Neno bunduki lisiwe la kwanza kutoka mdomoni. Usijitolee kumwonesha. Kwenye boksi la kufuli angalau hakuna kitu cha kumshtua macho, nayo ni sababu nyingine ya lile boksi.

Sasa nenda hivi. Kabla ya duka, kaa nusu saa na wakili wa uhamiaji, hasa kama umewahi kukamatwa kwa chochote hata kikafutwa, na mpeleke mpwa pia umuulize hali ya viza yake. Siku zake za pikapu boksi liwe tupu, hata risasi za sakafuni zote ziokotwe. Ukinunua ya mtumba kutoka kwa mtu binafsi, Texas inaruhusu bila ukaguzi, lakini pitisheni dukani mlipe ada ndogo, na fundi aipime chemba. Alafu chukua kozi ya siku moja na mwalimu ana kwa ana, maana hapa siwezi kuona kidole chako kikikaa kwenye triga kabla ya wakati wake. Renji nyingi zinakodisha, kaombe AR na kabaini ya 9mm upige zote mbili kwa mita 50 siku hiyo hiyo, na ukiwa hapo mwombe mwalimu akuoneshe kuivua bolti na kuipaka mafuta, utahitaji kufanya hivyo kila mwezi wakati wa joto.